Makaa, Masizi na Mkwaruzo: Juu ya Istilahi za Upitishaji wa Umeme

Neno "makaa" ni mali ya Kiswahili na Kikamba kwa pamoja. Huko Kitui na Makueni hutajwa kila siku: kuna makaa ya miti, ambayo serikali ya kaunti ya Kitui ilipiga marufuku kuyasafirisha nje mwaka 2018, na kuna makaa ya mawe ya Bonde la Mui. Mwalimu wa fizikia aweza kushawishika kulitumia pia kwa maana ya kaboni. Hapo ndipo penye hatari. Makaa yaliyochomwa chini ya udongo kwa kawaida hayapati joto la kutosha, yaani zaidi ya nyuzi 600 hivi, kuyafanya yapitishe umeme vyema. Mwanafunzi akiyafunga kwenye betri, huenda balbu isiwake, naye akadhani kitabu kimesema uongo; ilhali ufito wa kaboni uliomo ndani ya betri ya tochi utaiwasha. Kaboni, basi, ni elementi. Makaa ni kitu.

Masizi nayo yana mahali pake. Mpira wa gurudumu, ambao hukatwa kuwa akala, ni mweusi kwa sababu ya masizi. Mpira wenyewe ni kihami. Chembe za masizi zikiwa chache, kila moja huzungukwa na mpira, na umeme haupiti. Zikizidi, hufika kiwango ambapo hukaribiana zikafanya mnyororo toka upande huu hadi ule, na ukinzani hushuka ghafla mara maelfu. Kwa chembe za mviringo zilizotawanyika ovyo, kiwango hicho ni kama asilimia 16 ya ujazo. Neno "kizingiti" lakifaa.

Linalosumbua zaidi ni "kelele". Kelele husikika; kinachokusudiwa hapa ni kuyumba kwa mkondo. Mwaka 1928 J. B. Johnson alieleza vipimo vya mtikisiko utokanao na joto, ambao umo katika kila kikinzani. Kaboni huongeza wa pili, utokeao mkondo unapopita, na uzidio kadiri masafa yanavyopungua. Karibu na kizingiti huwa mkubwa mno: mkondo hutegemea minyororo michache, na pete moja ikilegea yote huyumba. Wasikilizaji husema redio "inakwaruza". Yafaa, basi, kusema "mkwaruzo wa joto" na "mkwaruzo wa mkondo", kwani istilahi itokayo vinywani mwa watu hueleweka kabla haijafafanuliwa.