Flashi ya studio

Flashi ya studio ni taa ya umeme inayotoa mwanga mkali kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, hasa kwa kupiga picha za sura za watu. Umeme huhifadhiwa kwanza katika kapasita, kisha huachiliwa ghafla kupitia mrija wa kioo wenye gesi ya zenoni. Njia hiyo iliendelezwa na Harold Edgerton, mhandisi wa Marekani, katika miaka ya 1930.

Kuchagua seti ya kwanza

Nishati ya flashi hupimwa kwa jouli. Wanaoanza hudhani kwamba taa yenye jouli nyingi ndiyo bora. Lakini katika chumba kidogo taa husimama karibu na mtu, na kwa taa tupu umbali ukipungua kwa nusu mwanga huongezeka mara 4. Kwa hiyo jouli 200 hadi 300 kwa kawaida hutosha.

Muhimu zaidi ni kiwango cha chini. Taa ya jouli 300 inayopunguzwa hadi 1/32 hutoa jouli 9 hivi. Isiyoshuka chini ya 1/8 hutoa karibu 38, na tundu la lenzi likiwa pana uso unaweza kuonekana mweupe mno.

Taa moja, stendi imara, mwavuli na ubao mweupe wa kurudisha mwanga upande wenye kivuli vinatosha kuanzia. Taa ya pili huweza kuongezwa baadaye.

Usalama

Kapasita huweza kubaki na chaji hata taa ikichomolewa, na chaji hiyo inaweza kuua. Flashi ifunguliwe na fundi tu.