Mndimu wa Uani

Ukiingia katika ua wa nyumba nyingi za pwani ya Afrika Mashariki, utaona mti mdogo wenye miiba mikali na majani mabichi yang'aayo. Mti huo ni mndimu. Si mti wa fahari kama mwembe, wala hauna kivuli kikubwa cha kukalisha wageni. Lakini mwenye kuwa nao hakosi ndimu ya kukamulia samaki wake, wala ya kumpa jirani abishaye hodi jioni. Tena mndimu una jamaa wengi: mlimau, mchungwa, mchenza, mdanzi, mbalungi, na hata kumkwati, mti wa Kichina uzaao machungwa madogo kama tende, yaliwayo pamoja na maganda yake. Ajuaye kuutunza mndimu ataweza kuwatunza na jamaa zake, maana tabia zao ni karibu moja.

Faida yake

Faida ya matunda haya ilijulikana kwa vifo vingi. Zamani mabaharia waliokaa baharini miezi mingi pasipo matunda wala mboga walishikwa na ugonjwa uitwao kiseyeye. Fizi huvimba na kutoka damu, meno hulegea, vidonda vya zamani hufumuka, na mwisho mtu hufa.

Mwaka 1498 merikebu za Mreno Vasco da Gama zilifika Mombasa zikiwa na wagonjwa wengi. Mfalme wa Mombasa aliwapelekea kondoo, na machungwa na malimau na miwa tele, wagonjwa wakapona. Wenyewe walidhani kwamba ni hewa njema ya mji iliyowaponya! Katika kurudi kutoka Bara Hindi walikaa baharini karibu miezi 3, wakafa watu 30 hivi. Walipofika Malindi mwezi wa Januari 1499, wagonjwa waliyatamani sana machungwa, wakaletewa. Lakini wengi walikuwa wamekwisha dhoofika mno, wakafa huko huko.

Mwaka 1747 James Lind, tabibu wa manowari ya Uingereza, aliwatwaa mabaharia 12 wenye kiseyeye, akawagawa wawili wawili, na kila wawili akawapa dawa yao mbali. Wale aliowapa machungwa 2 na limau 1 kila siku walipata nafuu upesi kuliko wote. Baada ya siku 6 mmoja wao aliweza kurudi kazini. Hata hivyo ilikuwa mpaka mwaka 1795 ndipo manowari za Uingereza zilipoanza kuwagawia mabaharia wao maji ya malimau. Siku hizi yajulikana kwamba kitu kiponyacho ni vitamini C. Nayo huharibiwa na moto. Kwa hiyo ni bora kukamua ndimu juu ya chakula kilichokwisha ipuliwa, si katika chungu kichemkacho.

Kupanda

Miti mingine ya jamaa hii, kama mchungwa, ni afadhali kuizalisha kwa kupachika jicho la mti mwema katika shina la mlimau au mdanzi. Lakini mndimu hupandwa kwa mbegu, na kwa kawaida mtoto hufanana na mama yake. Chagua ndimu iliyoiva mpaka ikawa ya manjano, ya mti wenye afya na uzao mwingi. Toa mbegu, uzioshe, uzipande siku ile ile, maana zikikauka hufa. Zifukie kidogo tu, kiasi cha urefu wa ukucha, katika kopo lililotobolewa chini au katika kitalu chenye kivuli. Baada ya majuma mawili au zaidi zitaota. Usistaajabu ukiona miche miwili au mitatu ikitoka katika mbegu moja. Ndiyo desturi yake. Uache ule wenye nguvu.

Mche ukifikia urefu wa magoti ya mtu mzima, ngoja mwanzo wa masika. Chagua mahali penye jua, pasipotuama maji. Chimba shimo la futi 2 kwenda chini na futi 2 kwa upana. Udongo wa juu uuweke upande mmoja, na wa chini upande wa pili. Changanya udongo wa juu na samadi iliyooza vizuri, uurudishe shimoni, na udongo ukishuka na kutulia, panda mche wako. Jihadhari usiufukie zaidi ya vile ulivyokuwa katika kitalu. Kisha uuzungushie miiba, maana mbuzi mmoja aweza kumaliza kazi ya mwaka mzima kwa dakika moja.

Kutunza

Mindimu mingi haifi kwa kusahauliwa, bali kwa kupendwa vibaya. Mtu huona mti wake ni mdogo, akaulundikia udongo na samadi mpaka zikagusa shina, akamwagia maji asubuhi na jioni. Baada ya miezi michache gome la chini hulowa na kuoza, utomvu hutoka kama machozi, na majani hugeuka manjano. Yeye akidhani ni kiu, huzidisha maji. Na mti hufa.

Basi fanya hivi. Siku za kiangazi mwagilia mti mchanga nusu debe ya maji mara mbili kwa juma, kisha acha udongo wa juu ukauke kabla ya kumwagilia tena. Tandaza majani makavu chini ya matawi ili unyevu usipotee, lakini yasiguse shina. Samadi itie mwanzo wa mvua, mbali na shina, chini ya ncha za matawi. Palilia kwa mkono au kwa jembe la juu juu tu, kwa kuwa mizizi inyonyayo chakula haiko mbali chini. Kata matawi makavu na machipukizi yatokayo chini ya shina. Fanya hayo mapema. Samaki mkunje angali mbichi.

Adui zake

Adui wa kwanza wa mti mchanga ni kiwavi. Kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano hutaga mayai yake moja moja juu ya majani machanga. Kiwavi kidogo hufanana na mavi ya ndege, na kwa hila hiyo ndege hawakili. Kikikua huwa cha kijani. Ukikigusa hutoa pembe mbili laini zenye harufu kali, ili kukutisha. Usiogope, hakina sumu ya kukudhuru. Kiondoe kwa mkono kila asubuhi. Ukichelewa majuma mawili utakuta vijiti vitupu.

Ukiona majani yana weusi kama masizi, na sisimizi wapanda na kushuka, angalia chini ya majani. Utaona vidudu vidogo vinavyonyonya maji ya mti na kutoa utamu upendwao na sisimizi. Vioshe kwa maji yenye sabuni kidogo, na weusi utakwisha.

Kuvuna

Mndimu wa mbegu huzaa baada ya miaka mitatu mpaka mitano, au zaidi kidogo. Mtoto wa miaka 11 apandaye mbegu leo huenda akachuma ndimu zake za kwanza akiwa na miaka 15. Ni muda mrefu. Lakini mti ukianza kuzaa, utazaa miaka mingi, na mama mwenye nyumba hatatuma mtu sokoni kwa ajili ya ndimu moja. Mvumilivu hula mbivu.

Maswali

1. Kwa nini mbegu za ndimu zisikaushwe kabla ya kupandwa?
2. Mabaharia wa Vasco da Gama walidhani waliponywa na nini? Ni nini hasa kilichowaponya?
3. Eleza jinsi mtu awezavyo kuua mndimu wake kwa kuupenda vibaya.
4. Tafuta kiwavi juu ya mndimu au mlimau, ukichore.