Hesabu ya Rubani Huanzia Ibadakuli

Mzazi wa Kahama au Geita anayetaka mwanawe arushe ndege za abiria huanza kwa kuuliza ada. Ana haki ya kuuliza, maana masomo haya hula makumi ya mamilioni ya shilingi. Lakini kabla ya darasa la nadharia kufunguliwa, yapo mawili yanayopaswa kutangulia fedha: afya ya mwanafunzi na hesabu yake ya sekondari.

Chukua uwanja wa Ibadakuli, Shinyanga, ulio takriban futi 3,800 juu ya usawa wa bahari. Kipimo cha kawaida cha marubani huchukulia kuwa usawa wa bahari una nyuzi joto 15, na kwamba kila ukipanda futi 1,000 zinapungua mbili hivi. Kwa kipimo hicho Ibadakuli ingekuwa na nyuzi 7 na nusu. Mchana wa nyuzi 30, basi, umezidi kwa 22 na nusu, na kila nyuzi ya ziada huhesabiwa futi 120. Matokeo yake, ndege iliyo chini pale hufanya kazi kana kwamba iko futi 6,500. Hewa imekuwa nyepesi, bawa linapata nguvu ndogo ya kuinuka, injini inakosa pumzi, na njia ya kurukia iliyotosha alfajiri huenda isitoshe saa nane mchana. Hesabu yote hiyo ni kutoa, kuzidisha na kujumlisha tu. Asiyeweza kuifanya haraka, bila kikokotoo, atachelewa darasani, kwa sababu sheria za anga, uongozaji wa safari, injini na hali ya hewa hufundishwa kwa mfululizo, na mwalimu hasimami kurudia sehemu na desimali.

Wapo watakaosema darasa lipo ili lifundishe, na kwamba anayejisomea peke yake hujaza kichwa makosa. Hoja ya pili naikubali, na ndiyo maana sishauri kununua vitabu vinene vya urubani. Nashauri kurudia fizikia, jiografia na Kiingereza vya kidato cha pili hadi cha nne. Kiingereza hakikwepeki: rubani wa safari za kimataifa lazima afikie angalau daraja la nne la kipimo cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga. Jiografia nayo iko mlangoni. Juu ya Ziwa Victoria ngurumo hukithiri usiku, na nchi kavu inayolizunguka hupata zake alasiri. Anayeelewa kwa nini ameshaanza somo la hali ya hewa. Somo hilo si la mtihani tu. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air iliangukia ziwani ikijaribu kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa, na watu 19 wakafa.

Afya ndiyo inayopuuzwa zaidi. Rubani wa biashara hapati leseni bila cheti cha afya cha daraja la kwanza, ambacho hutolewa baada ya kupimwa macho, masikio, moyo na uwezo wa kutofautisha rangi. Miwani peke yake haimzuii mtu. Tatizo la rangi laweza kumzuia, na wengi hawajui kama wanalo. Basi mzazi, kabla hujauza ng'ombe hata mmoja, mpeleke mwanao kwa daktari aliyeidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania.