Watoto Wako Nyumbani, Simu Ni Moja: Shughuli za Msimu wa Mvua Bila Kupoteza Fedha

Tarehe 17 Machi 2020, siku moja baada ya mgonjwa wa kwanza wa Korona kutangazwa nchini, Serikali ilifunga shule za awali, za msingi na za sekondari, na kusimamisha michezo, matamasha na mikusanyiko mingine ya hadhara. Muda wa siku 30 uliowekwa awali uliongezwa baadaye, na shule zilibaki zimefungwa hadi ilipotangazwa vinginevyo mwaka huo huo wa 2020. Masoko na nyumba za ibada ziliendelea na shughuli zake kwa tahadhari.

Kwa kaya za Ikuti na za kata nyingine za Wilaya ya Rungwe, hatua hizo zilikuja wakati mvua ni nyingi na watoto wote wapo nyumbani. Katika nyumba nyingi simu janja ni moja tu, nayo wakati huo ikawa darasa na uwanja wa michezo. Simu hiyo hiyo ndiyo yenye laini inayotunza fedha za familia. Ndiyo maana tunashauri mambo matatu: anza na shughuli zisizohitaji kifurushi, tumia kifurushi kwa mpango, na zitenge fedha zako na mikono ya watoto na ya matapeli.

Shughuli zisizohitaji kifurushi

Mvua yenyewe ni somo. Chukua kopo lenye kuta zilizonyooka, liweke mahali pa wazi mbali na miti na mapaa. Kila asubuhi, saa ile ile, mtoto apime kwa rula kina cha maji, aandike, kisha ayamwage. Milimita moja ya mvua ni sawa na lita moja ya maji katika kila mita moja ya mraba. Hivyo mvua ya milimita 20 huweka lita 600 juu ya eneo la mita za mraba 30. Rungwe ni miongoni mwa maeneo yanayopata mvua nyingi zaidi nchini, kwa hiyo daftari hilo halitakosa takwimu.

Bustani ya mboga na kitalu kidogo cha miche ya parachichi ni shughuli nyingine zinazofaa. Jioni kuna bao, vitendawili na hadithi za wazee. Mjukuu anaweza kurekodi sauti ya bibi akisimulia kwa Kinyakyusa; kurekodi hakutumii data, na simulizi hiyo itabaki kwa familia. Wazee wasogelewe kwa tahadhari: mikono inawe kwa maji tiririka na sabuni, na watu wakae mbalimbali. Redio nayo haihitaji kifurushi, na vipo vipindi vya masomo.

Matembezi ya Daraja la Mungu, Kijungu na Ziwa Ngosi ni vyema yasubiri kiangazi. Njia zinateleza na Mto Kiwira una maji mengi. Si mahali pa kuwaachia watoto peke yao.

Kifurushi kimoja, watoto watatu

Tuchukue mfano wa kaya yenye watoto watatu na kifurushi cha GB 1 kwa wiki. Saa moja ya video ya ubora wa kati hutumia takriban MB 500, na ya ubora wa juu yaweza kuzidi GB 1. Saa moja ya kusikiliza sauti hutumia takriban MB 60. Maana yake ni kwamba video moja ndefu ya ubora wa juu inaweza kumaliza kifurushi cha wiki nzima kabla mtoto wa pili hajaishika simu.

Kaya hiyo inaweza kupanga hivi: saa moja ya video za masomo, igawanywe dakika 20 kwa kila mtoto (MB 500); saa tano za kusikiliza (MB 300); na kinachobaki kiwe cha ujumbe na picha kwa ndugu walio mbali. Kwa upande wa masomo, anzeni na Taasisi ya Elimu Tanzania, ambayo ndiyo huandaa vitabu vya kiada. Kwa watoto wadogo, katuni za Ubongo Kids zinafundisha hisabati na sayansi kwa Kiswahili.

Ili mpango huo usivurugike, fanya yafuatayo katika mipangilio ya simu:

1. Punguza ubora wa video kabla ya kuanza kutazama.
2. Zuia programu kujisasisha zenyewe kwa kutumia data.
3. Zuia picha na video za makundi ya WhatsApp kupakuliwa bila wewe kuzigusa.
4. Zima data mtoto anapomaliza.

Soma pia masharti ya kifurushi kabla ya kununua: kinadumu siku ngapi, na je, MB zote zinatumika saa zote, au baadhi ni za usiku tu?

Simu mkononi mwa mtoto

Namba ya siri ya akaunti ya fedha isijulikane na mtoto, wala isiwe mwaka wake wa kuzaliwa. Acha salio dogo la muda wa maongezi, kwa sababu mtoto anaweza kubonyeza tangazo na kujiunga na huduma ya kulipia, kama vile miito ya simu au ujumbe wa kila siku. Ukiona salio linapungua bila wewe kupiga simu, piga namba 100 ya huduma kwa wateja, uliza umeunganishwa na huduma zipi, na utake ziondolewe.

Ujumbe unaotaka fedha

Wakati huo wa mwaka 2020 watu walikuwa na hofu na muda mwingi wa kutazama simu, na matapeli walilijua hilo. Ujumbe wa “ile hela itume kwenye namba hii” ni wa zamani. Wakati huo uliweza kuja pamoja na ahadi ya intaneti ya bure au msaada wa Korona. Usibonyeze kiungo usichokijua. Usitaje namba ya siri kwa yeyote, hata akijitambulisha kuwa ni mtumishi wa kampuni ya simu. Ndugu akiomba fedha kwa ujumbe, mpigie kwanza usikie sauti yake. Ukitapeliwa, mjulishe mtoa huduma mara moja, kisha utoe taarifa polisi.

Piga pia *106# uhakiki usajili wa laini zako. Ukikuta namba usiyoitambua imesajiliwa kwa kitambulisho chako, nenda kwa mtoa huduma iondolewe.

Kwa habari za ugonjwa, fuata taarifa za Wizara ya Afya au piga 199 bila malipo. Kusambaza habari za uongo ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015.

Ukiwa na malalamiko

Anza kwa mtoa huduma wako. Andika tarehe, saa, kiasi kilichokatwa na jina la aliyekuhudumia, na utunze ujumbe wote uliopokea. Usiporidhika na majibu, wasilisha lalamiko lako kwetu. Ofisi yetu ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini ipo Mbeya. Hata kiasi kidogo kilichokatwa isivyo halali ni haki yako kukidai, na kumbukumbu ulizotunza ndizo zitakazotuwezesha kukusaidia.