Jiwe la Kolwezi ndani ya boila

Mwezi wa sita, baridi ya alfajiri inapoushika mji huu wa Kolwezi, ulio zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ndipo watu hukumbuka boila, nasi mafundi huitwa. Tangi linanguruma. Maji ya moto yanaisha kabla mtu wa pili hajaoga.

Wengi hulaumu umeme, lakini mara nyingi chanzo kiko ardhini. Shaba na kobalti ya Lualaba imelala katika tabaka za dolomiti, jiwe lenye kalsiamu na magnesiamu. Maji ya kisima yanayopenya humo huliyeyusha kidogo kidogo na kulibeba hadi nyumbani. Yakipata moto, hasa yakivuka nyuzi 60, huliacha tena: chokaa inaganda juu ya rezistansi, yaani kipashio cha umeme kilicho ndani ya tangi. Shaba hupitisha joto mara mamia zaidi ya chokaa, kwa hiyo rezistansi iliyovikwa ganda hilo huungua huku maji yakibaki vuguvugu. Ule mngurumo ni maji yaliyonaswa chini ya ganda yakigeuka mvuke. Kama birika lako lina utando mweupe, boila lako linao pia.

Weka thamostati kati ya nyuzi 55 na 60. Usishushe zaidi, maana bakteria wa lejionela hustawi katika maji ya vuguvugu. Mara moja kwa mwaka zima umeme, funga maji, acha tangi lipoe, limwage, kisha loweka rezistansi katika siki. Usikwangue tangi kwa chuma, utaharibu enameli.

Enameli hiyo nayo haikosi nyufa, na hapo ndipo kijiti cha magnesiamu kilichomo ndani hufanya kazi. Chuma cha tangi, shaba ya mabomba na maji vikikutana huwa kama betri, na chuma ndicho huliwa. Kijiti hujitoa kiliwe kwanza. Kikiisha, zamu ni ya tangi. Huniuma kuona tangi zima likitupwa kwa sababu ya kijiti ambacho hakuna aliyewahi kukifungua. Kikague kila unapomwaga tangi. Kikibaki waya tu, kibadilishe. Tena, pale bomba la shaba linapoungana na tangi, dai kiungo kisichopitisha umeme.

Wakati wa delestaji, yaani mgao wa umeme, zima boila, usiliwashe mpaka umeme uliorudi utulie. REGIDESO wakikata maji, lizime vilevile: rezistansi ikikosa maji huungua kwa dakika chache.

Na vali ya usalama, tafadhali. Maji yakipata moto hutanuka, kwa hiyo kudondosha matone wakati wa kupasha ni kazi yake. Nimekuta zilizozibwa kwa kijiti cha mti ili sakafu isilowe. Tangi lililozibwa hivyo, thamostati ikikwama, linaweza kulipuka na kubomoa ukuta. Izungushe kila mwezi chokaa isiishike, na uweke ndoo chini yake.