Dhahabu na Grafini: Mtego wa Mwanga Usioonekana

Je, wajua kwamba gesi isiyo na rangi inayotoka bia inapochachuka, kama katika kiwanda cha Uganda Breweries kilichopo Port Bell, Luzira, inaweza kupimwa kwa mwanga? Kaboni dioksidi hufyonza kwa nguvu mionzi ya infraredi, yaani mwanga wenye mawimbi marefu kuliko ya rangi nyekundu, hasa pale urefu wa wimbi unapofikia mikromita 4.26. Kwa kuwa gesi hiyo ni nzito kuliko hewa na hutuama chini, ambako inaweza kumkosesha mtu pumzi, anayeipima huhitaji kihisi kinachonasa wimbi hilo na kuyaacha mengine.

Kihisi hicho kinaweza kutumia grafini, tabaka la kaboni lenye unene wa atomu moja ambalo Andre Geim na Konstantin Novoselov walilitenga mwaka 2004 huko Manchester kwa utepe wa gundi. Grafini hufyonza takriban asilimia 2.3 ya mwanga unaoonekana. Kwa kitu chembamba kiasi hicho ni ajabu kubwa. Kwa kihisi ni kidogo mno.

Ndipo dhahabu inapohitajika. Vipande vyake vyenye urefu wa takriban mikromita moja hupangwa kwa safu juu ya tabaka la kihami, na chini ya kihami hutandazwa dhahabu nyingine iwe kioo. Wimbi linapofika, elektroni za kila kipande huyumba pamoja, kama maji ya beseni lililotikiswa, na kama ilivyo kwa beseni, ukubwa wa kipande ndio unaoamua mwendo wa kuyumba. Kihami kikiwa na unene unaofaa, karibu mwanga wote wa wimbi lile hunaswa, na grafini iliyowekwa kwenye nyufa kati ya vipande hupata sehemu yake, huku volti ikiweza kulisogeza kidogo wimbi linalonaswa.

Ugumu wenyewe, ambao sifa nyingi za teknolojia hii huupita juu juu, ni kwamba dhahabu nayo hufyonza, na nishati inayopotelea humo haiifikii grafini. Hata hivyo, kwa kanuni ya Gustav Kirchhoff, kinachofyonza vizuri wimbi fulani hulitoa vizuri kikipashwa moto. Hivyo bapa la muundo uleule, likipashwa moto, huwa taa ya mikromita 4.26, ambayo huwekwa upande mmoja wa chemba ya gesi, na kihisi upande wa pili.