Kimya baada ya kuomba kazi: haki ya mwombaji

VIJANA wanaohitimu katika Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Eldoret hupitia mateso mamoja: kutuma barua za kuomba kazi, kisha kungojea jibu lisilokuja.

Matangazo mengi huonya kwamba watakaoitwa kwa mahojiano pekee ndio watakaojulishwa. Aliyeachwa hubaki gizani, asijue iwapo barua yake ilisomwa au ilitupwa.

Hata hivyo, nafasi ikiwa ya asasi ya umma, kama vile Serikali ya Kaunti ya Uasin Gishu, kimya si neno la mwisho. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Utaratibu umo katika Sheria ya Kupata Habari ya 2016.

Ombi huandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza. Mwombaji anaweza kuuliza alama alizopata, idadi ya walioitwa na vigezo vilivyotumiwa. Asasi inapaswa kutoa uamuzi katika muda wa siku 21. Isipojibu, huhesabiwa kuwa imekataa, naye ana siku 30 za kuiomba Tume ya Haki ya Utawala ichunguze suala hilo.

Sheria hii haimpatii mtu kazi. Lakini anayejua sababu ya kuachwa anaweza kurekebisha barua yake, kudai haki ikiwa kulikuwa na mapendeleo, au kuacha kungoja na kushika shughuli nyingine.